Viatu Vilivyoungua Jikoni: Imani na Ujasiri wa Waliowaficha Wayahudi

Majira ya baridi ya 1940 kuelekea 1941, jioni, nje kumejaa theluji, mwanamke mmoja aligonga mlango wa nyumba ya mchungaji katika kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, kwenye milima ya kusini-kati mwa Ufaransa. Akamwambia mke wa mchungaji, Magda Trocmé, kwamba yeye ni Myahudi kutoka Ujerumani, yuko hatarini, na amesikia kuwa huku juu huenda akapata wa kumsaidia. Je, aweza kuingia? Magda akamwambia aingie, kwa nini asiingie. Akampa chakula, akamsogeza penye moto, na viatu vyake vilivyolowa chapachapa vikawekwa jikoni vikauke. Kisha yeye mwenyewe akatoka kwenda kwa meya kumwombea mgeni karatasi.

Meya akaja juu. Yaani uhatarishe kijiji kizima kwa ajili ya mtu mmoja wa kuja? Kesho asubuhi awe ameshaondoka! Magda akarudi nyumbani, na huko akakuta, juu ya yote hayo, viatu vimeungua. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ya kuokoa maisha ilikuwa kuhangaika kutafuta jozi ya viatu wakati ambapo viatu ni adimu, ili mkimbizi afukuzwe akiwa walau amevaa.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Habari za watu waliowasitiri Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili hutufikia, hasa mimbarini, zikiwa zimeshapigwa pasi: mtu wa imani, sauti ya Mungu, moyo wa simba, watu wakaokoka, amina. Lakini hapa tuna mke wa mchungaji aliyekosea, aliyedhani meya ni mtu wa kuambiwa ukweli. Tena Magda hakuwa mtu wa mafundisho ya dini kama mumewe; mambo mengi ya kanisa aliyatilia shaka waziwazi. Alipoulizwa miaka mingi baadaye kuhusu msimamo wake, alieleza kwamba hakuwa akizunguka kutafuta watu wa kuwasaidia, ila mlango wake hakumfungia aliyegonga. Basi.

Sasa, imani na ujasiri viliingia wapi katika jambo hili?

Fumbo lenyewe

Jibu la haraka ni kwamba imani iliwapa ujasiri. Jibu hilo lina tatizo moja kubwa: Ulaya ya 1940 karibu yote ilikuwa imebatizwa. Askari aliyewapakia watu kwenye treni alikuwa amebatizwa. Jirani aliyetazama kwa nyuma ya pazia alikuwa amebatizwa. Nchini Ujerumani kulikuwa na Waprotestanti kwa mamilioni, na sehemu yao ilijiunga na vuguvugu la Wakristo wa Kijerumani lililotaka kanisa liendane na siasa za Hitler. Biblia ni ileile, Msamaria Mwema ni yuleyule. Kitu kilichopo kwa muuaji, kwa mtazamaji na kwa mwokoaji hakiwezi chenyewe kueleza tofauti yao.

Watafiti wamelichimba jambo hili. Samuel Oliner, aliyekuwa mtoto wa miaka 12 wakati jamaa zake walipouawa nchini Poland mwaka 1942 na ambaye yeye mwenyewe alisitiriwa na mwanamke Mkatoliki wa kijijini, alikuja kuwa mwanasosholojia Marekani. Yeye na mkewe Pearl waliwahoji zaidi ya waokoaji 400, wakawalinganisha na watu walioishi palepale, wakati uleule, ambao hawakuokoa mtu. Udini, yaani kiasi ambacho mtu alijiona mcha Mungu, uliwatofautisha kidogo tu. Kilichowatofautisha zaidi ni malezi: wamelelewa kumhesabu nani kuwa mwenzao, na duara hilo linaishia wapi.

Kuna jambo jingine waliloligundua ambalo hunisumbua kila nikilikumbuka. Takriban theluthi mbili ya waokoaji walianza kwa sababu waliombwa. Mtu aligonga mlango, au rafiki alikuja na kusema, "Nina mtoto hapa, naomba ukae naye usiku mmoja." Hawakuamka asubuhi wakaamua kuwa mashujaa. Ujasiri tunaouhubiri kama kitu ambacho mtu huwa nacho kwanza kisha akatenda, kwa wengi wao ulikuja mgeni akiwa ameshakaa mezani.

Taasisi ya kumbukumbu ya Yad Vashem mjini Yerusalemu imewatunuku zaidi ya watu 28,000 jina la Waadilifu Miongoni mwa Mataifa: wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Poland ina zaidi ya 7,000, Uholanzi karibu 6,000, Ufaransa zaidi ya 4,000. Idadi hizo zitazame kwa jicho la uangalifu. Uholanzi, yenye waadilifu wengi hivyo, ilipoteza takriban robo tatu ya Wayahudi wake, ilhali Ufaransa takriban robo tatu walinusurika. Kuwa na watu wema wengi hakukutosha kuizuia mashine ya serikali ikishapata majina, anwani na ratiba ya treni.

Watu waliowahi kufichwa

Turudi mlimani. Le Chambon iko kwenye uwanda wa juu wa Vivarais-Lignon, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mahali pa baridi na mashamba ya mawe. Waprotestanti nchini Ufaransa walikuwa wachache sana, lakini pale juu walikuwa wengi. Hawa ni wajukuu wa Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa wa zamani.

Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti haki ya kuabudu. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta. Kwa miaka mia moja iliyofuata, wachungaji walinyongwa, wanaume wakapelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme, na ibada ikahamia misituni na mapangoni. Mwanamke mmoja, Marie Durand, aliingizwa kwenye mnara wa gereza wa Aigues-Mortes mwaka 1730 akiwa msichana, akatoka mwaka 1768. Miaka 38. Angeweza kutoka siku yoyote kwa kuikana imani yake. Kwenye jiwe la mnara ule kuna neno lililokwanguliwa, ambalo mapokeo yanasema ni mkono wake: pingeni.

Watoto wa Le Chambon walikua na hadithi hizi kama watoto wa kwetu wanavyokua na hadithi za sungura na fisi. Bibi alimwonyesha mjukuu pahali ukutani palipofichwa Biblia. Kwa hiyo serikali ilipotangaza mwaka 1940 kwamba kuna watu ambao kosa lao ni kuzaliwa, wakulima hawa hawakuhitaji kufafanuliwa. Hadithi hiyo waliijua, na walijua wao wako upande gani wa hadithi.

Palikuwa pia na Wadarby, kundi dogo la Kiprotestanti lenye watu wakimya na wagumu, walioshika Agano la Kale kwa nguvu. Kwao Wayahudi walikuwa taifa teule lenyewe, si mfano wala fumbo. Kinasimuliwa kisa cha mama wa shambani ambaye, alipoambiwa kwa uoga kwamba mgeni wake ni Myahudi, aliwaita mume na watoto waje haraka waone: leo mtu wa taifa la Mungu amefika nyumbani kwetu! Sina hakika kwamba mkimbizi mwenyewe alifurahia kugeuzwa mtu wa kutazamwa. Hata hivyo alilala salama.

Biashara ya vitanda

Kuna sababu isiyo na utukufu wowote ambayo wahubiri huiruka, nami naiona nzito kuliko nyingine nyingi: watu wa uwanda ule walikuwa na vitanda vya ziada.

Tangu mwaka 1893, mchungaji Louis Comte wa mji wa viwanda wa Saint-Étienne alikuwa akiwapeleka watoto wa maskini mlimani wapate hewa safi na maziwa, wakilala kwenye nyumba za wakulima. Baadaye watalii wa kiangazi wakafuata, na nyumba za wageni zikajengwa. Miaka ya 1930 wakaja wakimbizi wa vita vya Hispania. Kufikia 1940, familia nyingi zilikuwa zimezoea kumpokea mtoto asiyejulikana aliyeshuka kwenye gari moshi dogo la mlimani akiwa na mkoba na pua inayovuja. Ungewaambia wafanye jambo la kishujaa, pengine wangesita. Waliambiwa wapokee mtoto, na hilo walilijua.

Nasi tuna methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Le Chambon mgeni alikaa mwaka, miwili, mitatu, na jembe kweli alipewa: wengi walichunga ng'ombe, wakavuna viazi, wakaenda shule.

Shule nayo ilikuwepo. Mchungaji André Trocmé, aliyefika kijijini mwaka 1934, alianzisha pamoja na mwenzake Édouard Theis shule ya sekondari mwaka 1938, yenye msimamo wa amani na milango wazi kwa mataifa. Ulikuwa mradi wa kawaida wa kanisa, wa kuwapa vijana wa mlimani elimu. Hakuna aliyejua kwamba miaka minne baadaye ungekuwa na walimu waliofukuzwa kazi kwa Uyahudi wao, na wanafunzi ambao majina yao daftarini hayakuwa majina waliyopewa na mama zao.

Mimbari, na yaliyo nyuma yake

Tarehe 22 Juni 1940 Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusalimu amri kwa Ujerumani. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Trocmé na Theis walisimama mbele ya usharika wakasema kwamba wajibu wa Mkristo ni kuukabili ukatili unaoshinikiza dhamiri yake kwa silaha za Roho. Kwamba watapinga kila watakapotakiwa kutii amri iliyo kinyume cha Injili, na watafanya hivyo bila woga, lakini pia bila kiburi na bila chuki.

Maneno mazuri. Lakini makanisa mengi yalitoa maneno mazuri. Agosti 1942 Askofu Mkuu Saliège wa Toulouse, Mkatoliki, aliandika waraka uliosomwa katika parokia za jimbo lake akisema Wayahudi ni wanaume na wanawake, ni sehemu ya jamii ya wanadamu, na si kila kitu kinaruhusiwa dhidi yao. Ulikuwa waraka wa kishujaa na uliwafungua wengi macho. Tofauti ya Le Chambon ni kilichokuwa nyuma ya mimbari.

Trocmé alikuwa na makundi ya kujifunza Biblia, yakiongozwa na vijana walioenea kijijini na mashambani. Kila baada ya muda alikutana na viongozi hao, wakasoma kifungu pamoja, kisha kila mmoja akaenda kukifundisha kwenye kundi lake. Unaona kilichojengeka hapo bila mtu kukikusudia? Mtandao. Watu wanaoaminiana, wanaoingiliana majumbani bila kushukiwa, na ambao kila mmoja anajua kipande chake tu. Vita ilipokuja, njia iliyopitisha Mathayo sura ya tano ikapitisha taarifa kwamba kuna watu watatu wanahitaji pa kulala leo. Serikali ingeweza kupiga marufuku chama cha siasa. Somo la Biblia la Jumatano lingepigwaje marufuku?

Na Trocmé hakuwahubiria watu upendo wa jumla jumla. Alirudi kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 19, penye habari za miji ya makimbilio, mahali ambapo mtu anayefukuzwa akiingia damu yake haimwagwi, na damu hiyo ikimwagwa lawama ni ya wenyeji. Amri ya namna hiyo ina anwani. Haisemi "wapendeni wanadamu". Inasema: mji huu, mlango huu, nyinyi.

Fedha zilitoka nje. Waquaker wa Marekani, shirika la msaada la Uswisi kwa watoto, shirika la Kiprotestanti la Cimade lililoongozwa na Madeleine Barot, na shirika la Kiyahudi la OSE walifanya kazi ya kuwatoa watoto kwenye kambi za Gurs na Rivesaltes, ambako utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ulikuwa umewarundika wakimbizi, na kuwaleta mlimani. Nyumba za watoto zikafunguliwa moja baada ya nyingine: La Guespy, L'Abric, Faïdoli, Les Grillons.

Mtihani

Julai 1942 polisi wa Ufaransa waliwakamata maelfu ya Wayahudi jijini Paris, watoto kwa watu wazima. Tarehe 10 Agosti waziri wa vijana wa Vichy, Georges Lamirand, alizuru Le Chambon. Wanafunzi wakubwa wakamkabidhi barua. Ndani waliandika kwamba wamesikia ya Paris, kwamba miongoni mwao wamo Wayahudi, kwamba wao hawatofautishi Myahudi na asiye Myahudi kwa sababu hilo ni kinyume cha Injili, na kwamba ikija amri ya kuwachukua wenzao watajitahidi kuwaficha. Waliandika hivyo kwa waziri! Ukiniuliza mimi, ilikuwa ni hatari isiyo na sababu. Lakini pia ilimaanisha kwamba baada ya siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyeweza kujidanganya kuwa hajui. Mkuu wa mkoa alipomtaka Trocmé atoe orodha, jibu lake linakumbukwa hadi leo: hajui Myahudi ni nini, yeye anawajua watu tu.

Wiki mbili baadaye mabasi ya polisi yakaja. Wageni walikuwa wameshatawanyika mashambani na msituni. Askari walikaa siku kadhaa, wakapekua, na mabasi yakaondoka karibu matupu. Mara nyingi kabla ya msako simu ililia nyumbani kwa mchungaji, sauti isiyojitambulisha ikaonya kwa maneno mawili matatu, ikakata. Kwa hiyo hata ndani ya serikali ile walikuwemo watu waliochagua kuvujisha siri.

Februari 1943 askari walikuja kumchukua Trocmé mwenyewe. Theis na mwalimu mkuu Roger Darcissac walikamatwa pia. Wakati mumewe anafungasha, Magda aliwaandalia askari wale chakula cha jioni mezani. Baadaye watu walimshangaa: uliwezaje kuwalisha waliokuja kumchukua mumeo? Yeye akawashangaa wao. Ulikuwa wakati wa chakula, wote walikuwa na njaa, basi. Wanakijiji wakaja mmoja mmoja na zawadi za safari: mishumaa, kopo la dagaa, na karatasi za chooni ambazo, mchungaji alikuja kugundua kambini, mtu alikuwa ameziandika aya za Biblia kwa penseli. Waliachiwa baada ya mwezi mmoja hivi. Walitakiwa kutia saini hati ya kumtii kiongozi wa nchi, na wachungaji wawili wakakataa.

Si kila mara iliishia na dagaa na aya za Biblia. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walivamia Maison des Roches, nyumba ya wanafunzi, wakawachukua vijana 18 pamoja na msimamizi wao, Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji. Aliendelea kuwatetea wanafunzi wake, hata mwenyewe akashukiwa kuwa Myahudi. Alifia kambi ya Majdanek Aprili 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, ambaye kabla ya vita aliwahi kutibu wagonjwa katika hospitali ya Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon, alipigwa risasi Agosti 1944 pamoja na wafungwa wengine karibu na Lyon, wiki mbili tu kabla ya mji huo kukombolewa.

Uongo mtakatifu?

Hili ndilo fundo ambalo watu wa imani wenyewe walilipata gumu. Ukimficha mtu, utasema uongo. Atahitaji kitambulisho bandia, kadi bandia za mgao wa chakula, cheti cha ubatizo cha mtoto aliyekufa. Na amri ya kutoshuhudia uongo haikuwekewa kifungu cha wakati wa vita.

Kijana mmoja mkimbizi, Oscar Rosowsky, hakupoteza usingizi kwa hilo. Akiwa hajafika miaka 21, alighushi nyaraka kwa maelfu, mihuri na saini, na vifaa vyake akavificha ndani ya mizinga ya nyuki shambani alikokaa. Baada ya vita akawa daktari. Yeye alikuwa Myahudi, na ninamtaja kwa sababu tunapozungumzia "waliookolewa" tunasahau kwamba wengi wao walikuwa wakijiokoa na kuwaokoa wengine.

Kwa Trocmé mambo yalikuwa magumu. Alipojificha baada ya kuonywa kwamba Gestapo wanataka kumuua, alitembea na kitambulisho chenye jina lisilo lake. Siku moja alikamatwa kwenye stesheni ya Lyon, akiwa na mwanawe mdogo. Akakaa pale akijua kwamba akiulizwa jina lake, hataweza kumtazama mtu usoni na kusema jina la uongo. Angesema ukweli, na ukweli ungemuua. Kabla hajaulizwa, alipata upenyo akatoroka na mtoto. Mimi huona hapo mtu ambaye imani yake ilimsaidia kuokoa mamia na nusura imuangamize yeye, ni imani ileile. Mkewe, aliyekuwa na mashaka mengi ya kidini, aligawa majina bandia bila kupepesa.

Besa

Ili tusidhani haya ni mali ya Waprotestanti, twende Albania, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Huko kuna neno besa: ahadi, amana, neno la mtu asilolivunja hata kwa gharama ya damu. Sheria yao ya kimila inasema nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni. Mwenye nyumba kwa hiyo ni mpangaji tu, na mtu aliyezoea kusikia hivyo tangu utotoni ataona aibu kumtoa mgeni kuliko atakavyoogopa bunduki.

Wajerumani waliiteka Albania Septemba 1943. Mpiga picha Moshe Mandil, aliyekimbia kutoka Yugoslavia na familia yake, alikuwa Tirana, ambako kijana Refik Veseli alikuwa mwanafunzi wake wa kazi. Refik akaomba ruhusa kwa wazazi wake, Vesel na Fatima, akawapeleka akina Mandil usiku kwa usiku hadi mlimani Kruja. Watu wazima walijificha kwenye chumba kidogo juu ya zizi, watoto wakavishwa nguo za kijijini wakacheza na wenzao. Wakakaa hivyo hadi nchi ilipokombolewa Novemba 1944. Akina Veseli walikuwa Waalbania wa kwanza kutambuliwa na Yad Vashem, mwaka 1987. Mwisho wa vita Albania ilikuwa na Wayahudi wengi zaidi ya waliokuwepo mwanzo, jambo ambalo nchi chache sana za Ulaya zilizokaliwa zinaweza kulisema.

Lakini, na lakini hii ni kubwa, upande wa pili wa hadithi upo Kosovo. Mei 1944 wanajeshi Waalbania wa kikosi cha SS, jeshi la chama cha Hitler, waliwakamata Wayahudi 281 mjini Pristina. Lugha moja, dini moja, besa moja. Huko siasa za utaifa zilikuwa zimeshaamua nani ni mgeni na nani ni adui, na besa humlinda mgeni.

Mtafiti Robert Braun alilichunguza jambo la namna hii nchini Uholanzi, kijiji kwa kijiji. Aligundua kwamba si Wakatoliki wala Waprotestanti waliookoa zaidi. Waliookoa zaidi ni wale waliokuwa wachache mahali pao. Wakatoliki waliozungukwa na Waprotestanti waliwaficha Wayahudi kwa wingi, na Waprotestanti waliozungukwa na Wakatoliki vilevile. Kanisa la wachache hujua kwamba leo ni wale, kesho ni sisi. Tena lina watu wachache wanaofahamiana, kwa hiyo siri inakaa. Dini hiyohiyo, ikiwa ndiyo ya wengi na iko karibu na ofisi ya serikali, ina mengi ya kupoteza.

Msomaji wa Maziwa Makuu ameshaona ninakoelekea. Rwanda mwaka 1994, katika nchi iliyojaa Wakristo, watu waliuawa ndani ya makanisa, Nyamata, Ntarama, Nyarubuye. Waislamu walikuwa wachache, waliodharauliwa kwa muda mrefu na kuitwa Waswahili, wakiishi pamoja mitaa kama Biryogo jijini Kigali. Wengi wao waliwaficha majirani zao, na hilo ni sehemu ya sababu iliyofanya baadhi ya Wanyarwanda wasilimu baada ya mauaji. Hawakuwa wote, na Wakristo waliookoa walikuwepo pia. Lakini mchoro ni uleule.

Hesabu ya sifa

Le Chambon imekuwa nembo, na nembo hukata pembe za ukweli. Utasoma kwamba wanakijiji 5,000 waliokoa Wayahudi 5,000. Hesabu tamu, isiyo na ushahidi wa kutosha. Makadirio yanayotajwa zaidi ni wakimbizi kama 5,000 kwa jumla waliopita uwanda ule, kati yao Wayahudi 3,000 hadi 3,500, wengine wakikaa siku chache kabla ya kuvushwa na vijana skauti na akina mama kama Mireille Philip kuelekea mpaka wa Uswisi. Na uwanda ni zaidi ya kijiji kimoja: parokia na vijiji kadhaa, Wakatoliki wakiwemo, ambavyo jina la Le Chambon limevifunika.

Trocmé alilijua hilo. Yad Vashem ilipomtambua mwaka 1971, mwaka aliofariki, aliuliza kwa nini yeye, na si wakulima wa mkoa wao wa Haute-Loire waliofanya sawa naye au kumzidi; na kwa nini si mkewe. Mwaka 1990 kijiji chote na majirani zake wakatunukiwa kwa pamoja, heshima ambayo imepewa kijiji kingine kimoja tu, Nieuwlande cha Uholanzi.

Wakulima wenyewe hawakusimulia. Waliokuwa watoto ndio waliorudi, mwaka 1979, wakabandika kibao cha shukrani mkabala na kanisa. Na Desemba 2020 alifariki mzee wa miaka 90, Eric Schwam, mzaliwa wa Vienna, aliyefika Le Chambon na wazazi wake mwaka 1943. Wosia wake ulipofunguliwa, kijiji kikakuta ameachia takriban euro milioni 2, akiomba zitumike kwa ajili ya shule na watoto.